Mzizi Wenye Ganda

Eulalia Barrientos yu hai. Naanza na hilo kusudi, kwa sababu sipendi hadithi zinazomweka mtu roho juu bila sababu. Yu hai, anafunga tortilla, mikate yetu myembamba ya mahindi, kwenye karatasi pale kiwandani, Mtaa wa Ishirini na Sita, anacheka mpaka wateja waliopanga foleni nje kwenye baridi wanaanza kucheka bila kujua wanachocheka. Kila nikikisikia kicheko hicho namshukuru Mungu, kisha namshukuru daktari mmoja binti wa Kipolandi, kisha nasaga meno kidogo, maana tulikaribia sana kumzika.

Tunakaa jengo moja hapa Chicago, yeye ghorofa ya pili na mimi Casilda chini yake. Akifanya mazoezi ya ngoma jikoni kwake, plasta ya dari langu hunidondokea kwenye supu. Nimemwambia mara nyingi, "Eulalia, wewe unacheza, mimi ndiye ninayeumia." Hujibu kwamba nimshukuru Bikira kwa kuwa na dari.

Ngoma hiyo si mchezo kwake. Miaka mingi iliyopita mumewe, Fermín, alianguka kutoka juu ya paa alilokuwa akiezeka, akalala bila kusema neno, madaktari wakatikisa vichwa. Eulalia akapiga magoti mbele ya picha ya Bikira wa Guadalupe, akaweka nadhiri: huyu akiamka, nitakuchezea kila tarehe kumi na mbili ya Desemba, maadamu miguu yangu inanichukua. Fermín akaamka. Hadi leo anachechemea kidogo na kulalamika sana. Na kila mwaka, siku ya sikukuu, Eulalia yuko barabarani mbele ya kanisa na manyoya kichwani, theluji inamwagika, na miguuni amefunga njuga ninazomtengenezea mimi. Tunaziita ayoyote. Ni makokwa makavu ya tunda fulani la kwetu, yakishonwa kwenye ngozi hulia vizuri kuliko kengele. Kazi hiyo nilifundishwa na baba yangu kule kwetu Morelos, Meksiko, na kikundi kizima cha ngoma kinanitegemea mimi.

Basi magoti yakaanza kumsumbua. Eulalia ni mwanamke mnene, wala sisi hatuoni haya kulisema, kwetu mnene huitwa mnene kwa mapenzi. Daktari wa kliniki alimwambia apunguze mikate mitamu, atembee jioni, afanye mazoezi ya goti, na awe na subira. Ushauri mzuri, lakini ulikuwa wa polepole, na Desemba haimngojei mtu. Eulalia hakutaka kuwa mrembo. Alitaka kuwa mwepesi ili asije akavunja ahadi yake kwa Bikira. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba waliomdanganya walimdanganyia kwenye jambo jema.

Aliyemletea kitu cha kukondesha hakuwa mtu baki. Alikuwa Griselda, komadre wake, yaani mama wa ubatizo wa binti yake Itzel. Kwetu komadre ni zaidi ya dada, maana dada umezaliwa naye tu, lakini komadre umemchagua mbele ya padri. Griselda alikuwa akiuza vitu kwa simu. Alianza na mablanketi, akaja na manukato, na mwaka huo akashika kichupa kimoja. Kwenye kibandiko kulikuwa na tunda la tejocote, dogo, la manjano, limechorwa na jani lake. Chini yake imeandikwa: mzizi halisi wa tejocote, asilia kabisa, hauna madhara, siri ya bibi zetu. Pembeni kuna picha mbili za mwanamke, katika ya kwanza amenuna na ni mnene, katika ya pili amekonda na anacheka. Mimi niliziangalia zile picha kwa miwani. Pua zilikuwa tofauti. Nikadhani kukonda hubadilisha na pua.

Nilikuwapo siku Griselda alipokileta, tunakunywa kahawa jikoni kwa Eulalia.

"Komadre, mimi dawa siziamini," Eulalia akasema.

"Nani amekuambia dawa? Dawa ni za wagonjwa. Hii ni tejocote. Wewe hunywi ponche Krismasi?"

"Nakunywa mpaka nalamba sufuria."

"Na umeshawahi kufa?"

"Bado."

"Basi! Tunda tunakula tangu utotoni, mzizi wake utuue? Nitazame mimi."

Tukamtazama. Griselda alikuwa amekonda kweli tangu mwanzo wa vuli, pete yake ya ndoa ameihamishia kidole gumba. Alikuwa tangazo linalotembea. Mtaani wanawake walimsimamisha kumsifu, naye alijizungusha kama yuko kwenye jukwaa. Na hoja yake ya ponche, kile kinywaji cha Krismasi kinachochemshwa kwa tejocote, nani wa kuipinga? Mgeni angeuliza maswali kuhusu mzizi wa tunda asilolijua. Sisi tejocote ni ya kwetu, harufu yake ni harufu ya Krismasi, nani atamshuku wa nyumbani?

Eulalia akawa anameza kipande kidogo cha mzizi huo kila jioni kwa maji. Haukupita muda akaanza kutapika. Chakula hakikai. Akiosha vyombo anashika sinki asianguke. Akamwambia Griselda kwamba sasa taa za barabarani anaziona zimezungukwa na pete ya njano.

"Ni mafuta hayo yanatoka," Griselda akasema. "Mwili unapigana nayo. Soma karatasi yake."

Na kweli karatasi ilisema hivyo. Ilisema ukisikia kizunguzungu, furahi. Ukitapika, ni uchafu wa miaka. Usiache katikati, atakayeacha atanenepa maradufu. Hapo ndipo ninapowakasirikia watu walioandika maneno hayo, popote walipo. Mwili ulikuwa unapiga kelele za kuomba msaada, wao wakazifundisha kelele zile kuitwa mafanikio.

Jumamosi moja mwanzoni mwa Novemba tulikuwa tunafanya mazoezi kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa. Ngoma ikalia, Eulalia akazunguka mara moja, akasimama, akasema, "Casilda, mbona umekuwa wa njano?" Akaanguka kifudifudi. Nilidhani ameteleza, nikaanza hata kumtania. Nilipomgeuza midomo ilikuwa na rangi ya majivu.

Hospitalini walimfunga nyaya kila mahali. Mashine iliyosoma moyo wake ilikuwa ikingoja mno kati ya pigo na pigo, hata mimi na Fermín tukawa tunashusha pumzi kila likija lingine. Daktari aliitwa Kowalczyk, binti mrefu mwenye Kihispania alichojifunza kwa wagonjwa. Alimuuliza Eulalia anatumia dawa gani, vidonge gani. Eulalia akajibu hatumii chochote, na kwa akili yake alikuwa anasema kweli tupu.

Baadaye daktari akarudi na majibu ya damu, uso umekunjika.

"Damu yake inaonyesha kitu kinachofanana na dawa ya moyo," akasema. "Dawa kali, ambayo sisi hatujampa. Nyumbani kuna mtu mwenye ugonjwa wa moyo?"

Fermín akaapa kwa mama yake kwamba nyumbani hakuna. Nikamwona Eulalia anageuza uso ukutani. Namjua. Akigeuza uso ukutani, kitu anacho.

"Kuna chai, mzizi, mbegu, kitu chochote ulichomeza?" daktari akauliza tena. "Mama, moyo wako umechoka. Ninapigana gizani."

Nikamwambia Fermín akanitafutie kahawa, akaenda akichechemea. Nikainama sikioni kwake.

"Eulalia. Ni kile kichupa?"

Machozi yakamtoka. "Griselda hana karatasi, Casilda. Unajua. Nikimtaja wataita polisi, na polisi wataita wale wengine, wa uhamiaji. Ana watoto. Ndiye aliyemshika Itzel wangu pale kwenye maji ya ubatizo. Nimuuze?"

"Na wewe ufe?"

"Labda sifi."

Mficha maradhi kifo humuumbua, nilitaka kumwambia, lakini niliacha. Kwa sababu alikuwa na haki ya kuogopa. Mtaani kwetu kila mtu anamjua mtu aliyeondoka asubuhi kwenda kazini na jioni akapiga simu akiwa ng'ambo ya mpaka. Kufunga mdomo kwetu si ujinga, ni adabu tuliyofundishwa na hofu.

Daktari Kowalczyk alikuwa amesikia, maana Kihispania chake kilikuwa kibovu cha kusema, si cha kusikia. Akavuta kiti, akakaa, akamshika mkono.

"Bibi yangu pia alikuja hapa bila karatasi," akasema. "Alisafisha ofisi usiku kucha na hakumwambia mtu jina lake. Mimi sitaki jina la mtu. Nataka jina la kitu."

Eulalia akageuza uso kutoka ukutani. Kisha akasema, "Kopo la sukari. Ndani ya sukari."

Nilikimbia na mafuta yangu yote. Nilichukua teksi, nikapanda ngazi, nikamwaga sukari mezani, kichupa kikatoka. Nikamimina vile vipande kiganjani ili nivihesabu tu vimebaki vingapi, na mikono yangu ikavitambua kabla ya macho. Vilikuwa vyeupe, vyenye mafuta, vinavunjika upesi, na kimoja kilikuwa bado kimegandiwa na kipande cha ganda gumu la kahawia. Ganda lile nimelitoboa na kulishona maisha yangu yote. Lilikuwa ganda la ayoyote.

Mzizi gani una ganda? Nilikaa chini. Kila nikitengeneza njuga napasua kokwa, nachukua ganda, na kiini cha ndani nakifukia. Baba yangu alikuwa mkali kwa hilo. Alisema kiini kile kimeua mbwa, kimeua na mbuzi wa jirani, na baada ya kukishika lazima uoshe mikono kwa sabuni hata kama unakufa njaa. Mti wake ni mzuri, una maua ya njano na utomvu mweupe, watu huupanda uani kwa urembo. Sasa kulikuwa na mtu mahali fulani aliyekatakata kiini kile, akakibandika picha ya tunda la Krismasi, akakiuza kwa akina mama wenye magoti mabovu.

Nilipomwambia daktari, alifumba macho akasema, "Sasa inaeleweka." Tayari alikuwa akishuku sumu ya aina hiyo. Nilichomletea mimi kilimfanya aache kubahatisha. Akapiga simu kwa wataalamu wa sumu, akapiga simu hospitali nyingine, gari likaleta dawa ya kuikata, wakaiingiza kwenye dripu. Tukakaa. Fermín alishika rozari, mimi nilishika mguu wa Eulalia juu ya blanketi. Taratibu ile mashine ikaanza kwenda mwendo wa kibinadamu. Ilipofika jioni Eulalia akafungua macho akauliza nani ameimwaga sukari yake. Nilimbusu paji la uso nikalia kwa sauti, na sijali nani aliniona.

Ndipo daktari akauliza swali ambalo sote tulikuwa tumelisahau kwa furaha.

"Aliyekupa. Yeye naye anakula?"

Nikaikumbuka pete iliyohamia kidole gumba. Eulalia naye akaikumbuka, nilimwona.

"Anakula kunizidi," akasema polepole. "Ameanza zamani." Nilijua anachopima: akimtaja anaweza kumpoteza Griselda kwa wale wengine, asipomtaja atampoteza kwa kaburi. Hakuchukua muda. "Casilda, nenda kwake. Mlete. Na usimfiche kitu, mwambie ni mimi nimemsema. Mimi, kwa mdomo wangu."

Griselda alifungua mlango akiwa amejipamba, simu imewekwa kwenye kisimamio chake cha chuma, taa ya duara inawaka. Alikuwa anajiandaa kwenda laivu mtandaoni. Nikamweleza yote pale mlangoni.

"Amenisema?" Sauti ilimpasuka. "Mimi, komadre wake? Kwa madaktari?"

"Amekusema ili usife."

"Mimi nife? Nitazame! Nimewahi kupendeza hivi?"

"Griselda, umeshika kitasa cha mlango tangu nifike. Kiachie basi."

Hakukiachia.

"Taa yako hiyo ina rangi gani?" nikamuuliza.

Akageuka kuitazama ile taa ya duara, nyeupe pe kama maziwa. "Njano," akasema, na hapo hapo uso ukambadilika, kwa sababu aliijua taa yake, alikuwa ameinunua mwenyewe. Nikamshika mkono. Mshipa ulipiga, ukasita, ukapiga haraka haraka, ukasita tena kama mpiga ngoma aliyelewa.

"Wakiniuliza karatasi?" akanong'ona.

"Watakuuliza unaumwa wapi."

"Na wakiuliza?"

"Basi watatukuta wawili. Vaa koti."

Hawakuuliza. Daktari Kowalczyk alimpokea mwenyewe, akamwita señora kwa heshima, akamlaza chumba cha tatu kutoka kwa Eulalia. Alisema angechelewa kidogo tu, asingekuja kwa miguu yake. Nimesikia mengi mabaya kuhusu nchi hii na mengi nimeyaona, lakini siku ile nilimwona mtu akifanya kazi yake vizuri bila kuuliza mwenzake ametoka wapi, na mpaka leo nikimkumbuka nasema asante kwa sauti, hata nikiwa peke yangu nashona njuga.

Kwa siku kadhaa Griselda alikataa kuingia kwa Eulalia. Alikuja mpaka mlangoni na dripu yake ya magurudumu, akageuka. Mwishowe Eulalia akapaza sauti, "Komadre, magurudumu yako yanapiga kelele! Ingia au uyatie mafuta!"

Akaingia. Hakuomba msamaha kwa maneno. Alisimamisha simu juu ya kimeza cha chakula, bila poda wala rangi ya mdomo, nywele zimetimka, bangili ya hospitali mkononi, akaenda laivu kwa watu wake wote wa kila siku.

"Mimi ni Griselda wenu," akasema. "Kile nilichowauzia si tejocote. Ni sumu. Hapa nimelazwa kwa sababu yake, na komadre wangu yule pale, nusura nimuue. Sikujua, lakini niliwauzia mimi. Kitupeni. Mwenye kizunguzungu aende hospitali leo, asingoje kesho, na achukue na kichupa aende nacho."

Zikaanza kuingia salamu za pole, vijipicha vya mioyo, vya mikono ya sala. Kisha mwanamke mmoja akaandika: Pole sana dada, lakini je, kinapunguza kweli?

Griselda akalisoma kwa sauti. Eulalia akanyoosha mkono akaichukua ile simu, akaiweka karibu na uso wake uliosawijika.

"Kinapunguza, mama," akasema. "Mimi kilibaki kidogo kinipunguze niishe. Una kichupa wewe? Kimwage chooni sasa hivi, nakusubiri. Sizimi simu mpaka nisikie maji."

Na alisubiri kweli, akikikodolea macho kioo cha simu, mpaka yule mama akaandika kwamba amekimwaga. Akafuata mwingine, na mwingine. Wawili walikwenda hospitali siku ile ile, na mmoja wao alilazwa. Wote wako hai, na mmoja hununua tortilla kwa Eulalia kila Jumapili.

Tarehe kumi na mbili ya Desemba daktari alimruhusu kucheza, polepole, na akiona dalili yoyote akae. Magoti bado yalimuuma. Fermín alimwambia Bikira angeelewa kama angekaa kwenye kiti mwaka huu. "Bikira anaelewa," Eulalia akajibu, "lakini mimi ndiye niliyeahidi." Akatoka barabarani na manyoya kichwani, na kilo zake zote, hata moja haijapungua. Alicheza huku analia na kucheka, na lami ya mtaa wetu ilimsikia.

Griselda hachezi. Alisimama pembeni karibu nami amebeba makoti ya wachezaji, pete imerudi kwenye kidole chake. Ngoma ilipotua Eulalia akaja anahema, anatoa mvuke, akainua mikono avalishwe koti. Griselda akanikabidhi mengine, akamvalisha mkono mmoja, halafu mwingine, akamfunga vifungo kimoja kimoja mpaka shingoni kama anavyofungwa mtoto wa shule. Alipofika kifungo cha mwisho hakukiachia.

"Komadre," akasema, "asante kwa kunitaja."

Kwetu, tangu nizaliwe, sijawahi kumsikia mtu akitoa shukrani ya namna hiyo. Eulalia alimvuta akamkumbatia na kilo zake zote, nami nikabaki na makoti.